Mibirizi ya Kanyaruchinya

Kambini Kanyaruchinya msalaba wa kaburi haukai. Ukiuchomeka asubuhi, jioni umeshapikia mtu maharage, na huwezi hata kumlaani, maana juzi na wewe ulikuwa unazunguka kwenye mawe ya volkano ukitafuta kuni. Ndiyo sababu sisi tuliokimbia Masisi tulianza kuwapandia watoto wetu mibirizi makaburini. Tawi la mubirizi hushika haraka, ni chungu hata mbuzi wanalikwepa, na likiwa bichi haliwaki. Kila mama alifunga kwenye mti wake kipande cha kitenge, ajue mtoto wake ni yupi.

Jirani yangu wa hema, Mukantwari, alimzika hapo mtoto wake Umwiza, aliyemalizwa na kuhara. Udongo aliubeba kwa beseni kutoka mbali, kwa sababu chini yetu ni jiwe tupu. Kitambaa chake kilikuwa cha manjano. Vita vikiisha, aliniambia, atafukua mifupa ya mwanawe akaizike kwao, kando ya kaburi la nyanya yake. Bila wazo hilo nadhani asingekuwa anaamka.

Sasa huko mjini, mtaa wa Himbi, shirika moja likataka bustani ya mimea ya asili ya Kivu. Modeste, msimamizi wa bustani, akatumwa kuitafuta. Wauza maua wa kando ya barabara walikuwa na waridi na maua ya kigeni tu. Kwenye simu alipata picha na majina ya Kilatini, mche hata mmoja hakuna. Njia ya Masisi ilikuwa imefungwa na bunduki. Mtu akamwambia watu wa Masisi si ndio hao wako Kanyaruchinya, aende akawaulize.

Akaja, akatukuta kwenye foleni ya maji, mpole, anaandika kila kitu. Mukantwari ndiye aliyemfundisha kuhusu mubirizi. Alimwambia ukiuhamisha mti wenyewe, usiung'oe ukabaki uchi.

"Utaubeba na udongo wake," alisema. "Bila udongo wake utakufa."

Alifuata vizuri sana. Jumapili tulipotoka misa tulikuta mashimo makaburini. Mvua ya wiki ile ikayajaza, vilima vikalala, pakawa uwanja. Tulilia mpaka tukachoka.

Muda si mrefu shirika likatupakia kwenye camion, tukapige makofi kwenye uzinduzi wa bustani. Mibirizi yetu ilikuwa imepangwa ndani ya ndoo nyeupe, vitambaa bado viko juu. Mukantwari akaenda moja kwa moja kwenye ule wa manjano, akamshika Modeste mkono.

"Papa, huu uliutosha ku kaburi gani?"

Modeste akasema aliona vitambaa, akadhani ni pépinière ya kambi, kitalu cha miche. Mimi simwamini. Pépinière gani ina vilima vya urefu wa mtoto? Akasema tena kwamba alichimba mingi siku ile, hakumbuki upi ulitoka wapi. Halafu akaona watu wanatazama, akafanya ukarimu.

"Mama, beba tu wako. Beba hata mbili."

Akabeba mmoja. Kwenye camion aliupakata. Tulipofika alitembea juu ya ule uwanja huku na huko, akatuuliza aupande wapi. Hakuna aliyemwonyesha mahali. Nani angethubutu, wakati kila mmoja wetu alikuwa amepoteza wake hapo hapo? Akauweka na ndoo yake mlangoni pa hema.

Jumatatu akaja mlinzi wa shirika. Ametumwa ndoo, akasema, ndoo ni za mradi. Mukantwari alimwomba asubiri atafute chombo kingine, lakini mlinzi alikuwa na haraka. Akaipindua pale pale, mti na udongo vikamwagika juu ya jiwe, akaondoka na ndoo yake.

Mukantwari alipiga magoti, akaukusanya ule udongo kwa viganja, akautia kwenye lile beseni aliloubebea mara ya kwanza.