Mlango Usio na Nyumba

Koti la marehemu Khamisi lilikuwa zima kila mahali isipokuwa pale linapofungwa. Matundu yote matatu ya vifungo yalikuwa yamechanika, nyuzi zikining'inia kama ndevu za mbuzi. Kesho yake mwanawe Mudrick alikuwa anaoa. Katika ukoo wao bwana harusi hutoka nyumbani amevaa koti la baba yake, na wa kumvika ni shangazi. Si mama, si mjomba.

Shangazi alikuwepo, na shida ilikuwa hapo hapo. Mishi, dada wa marehemu, alikuwa amekuja Nzuguni tangu juzi na kopo lake la asali ya Kondoa, akalala nyumbani kwa wifi yake Hamida, mjane wa Khamisi, lakini hakusema naye. Akitaka chumvi, alimwambia kuku. "Kuku wewe, wenye nyumba wanaweka wapi chumvi?" Hamida, mtu mzima na kilemba chake, alimjibu kuku kwamba iko nyuma ya chungu.

Kuhusu koti, Mishi alikuwa ameshamwambia Mudrick. Pilau atakula na vigelegele atapiga, ila hatashika koti la mtu aliyetoka naye tumbo moja kisha asionyeshwe uso wake. Khamisi alizikwa kabla basi la Kondoa halijafika. Mishi alikuta mikeka tu, na watu wanakunywa chai.

Hamida akaanza na lile lililowezekana, yaani matundu. Fundi wa Ipagala aligeuza koti huku na huku, akasema mashine yake ingelitafuna. Madukani hapakuwa na uzi wa rangi ile ya ugoro, na uliokaribiana nao ulikuwa wa kushonea mashuka. Basi akafumua upindo wa koti kwa ndani, akachomoa nyuzi za kitambaa chenyewe. Mmoja ukiuvuta unakatika. Lakini ukisokota nne pamoja, ukazikunja zikajisokota tena, hapo una uzi wa kushonea tundu, tena wa rangi ile ile. Ni kama koti kujitibu kwa damu yake.

Mara ya kwanza alifunga ncha kwenye msumari wa mlango, akasokota peke yake. Alipokwenda kuifungua ili akunje, uzi ulimponyoka ukajivuruga kama nywele za mtu aliyeamka. Upindo ulikuwa umebakisha nyuzi za kutosha mara moja tu. Alihitaji mtu wa kushika ncha ya pili, na vijana wote walikuwa wamekwenda kuchukua maturubai. Aliyebaki uani ni Mishi, anachambua mchele.

Hamida alimwambia kuku amwombe mgeni amshikie ncha.

Mishi aliweka ungo chini, akashika. Wakakaa wakitazamana, magoti karibu yaguse, kila mmoja akisokota upande wake. Wakasokota, wakasokota. Uzi ukawa unazunguka wote kama mshikaki juu ya makaa, wala haukazi. Hamida akatazama vidole vya mwenzake, akakumbuka. Mishi ni wa mkono wa kushoto, tangu utotoni alipokuwa akipigwa vikofi kwenye sinia. Na hilo lilikuwa jambo refu mno kumtuma kuku.

"Wifi," alisema, "zungusha kinyume. Tunakwenda njia moja."

Mishi aliutazama mkono wake, akageuza. Uzi ukaanza kukaza, na ulivyokaza ulifupika, ukawavuta karibu zaidi. Sasa hakuna aliyeweza kuondoka, maana anayeachia ndiye anayeharibu.

"Kitendawili," alisema Hamida.

Upepo ulipitisha vumbi lake uani. Lakini kitendawili hakiachwi hewani, hata baina ya mahasimu.

"Tega."

"Nina mlango, sina nyumba."

"Kaburi," alisema Mishi, na alikusudia.

"Siyo."

Mishi akajaribu pango la pimbi, akajaribu mdomo wa mlevi. Vyote sivyo. "Basi, nakupa mji. Chukua Gulwe."

Gulwe ndiko Khamisi alikofanya kazi stesheni, na wao wawili, wasichana bado, walipika chungu kimoja. Anayepewa mji husema amekwenda, amekula, amerudi, kisha hutoa jibu. Hamida alianza hivyo hivyo.

"Nimekwenda Gulwe. Nimepokewa vizuri, nimekula, nimelala. Asubuhi nikakuta wanaume wameinua jeneza. Nikawaambia, msubirini dada yake, yuko njiani. Nikasema mara ya pili. Wakasema jua kali, maiti hasubirishwi. Nikasema tena, wakanifungia mlango wa chumba cha eda. Nikarudi."

Vidole vya Mishi vilisimama. Uzi ukaanza kulegea.

"Kaza," alisema Hamida.

Mishi akakaza. Akasema, "Hukuniambia."

"Ulikuwa huzungumzi na mimi."

"Na jibu je? Mji umeshauchukua."

"Tundu la kifungo."

Mishi akaguna. "Gulwe nzima kwa tundu la kifungo. Umenidhulumu, wifi."

Wakaning'iniza kufuli katikati ya uzi liuvute chini, wakaleta ncha pamoja hadi vidole vikagusana, na uzi ukajisokota wenyewe huku kufuli likicheza. Mishi alikwenda kwenye kopo lake, akatoa kipande cha sega, akakitafuna mpaka asali ikaisha, akatema nta kiganjani. Hamida aliupitisha uzi kwenye nta ile, akashona.

Asubuhi Mudrick alisimama mlangoni na kanzu yake, hajui alitazame koti au amtazame shangazi. Mishi alinawa mikono, akalichukua kwenye kiti, akamvika. Kifungo cha kwanza kiliingia, na cha pili. Cha tatu kikagoma, maana tundu jipya lina ubishi. Mama yake kijana alinyoosha mkono asaidie, kisha akaurudisha.

"Vuta tumbo," Mishi alimwambia bwana harusi, akasukuma kwa dole gumba la kushoto mpaka kikaingia.

Kisha akamwomba Hamida chumvi ya pilau.