Ubao wa Maonyesho ya Mwalimu Muganyizi

Mwalimu Muganyizi alistaafu kufundisha, hakustaafu kuamrisha. Alianzisha kikundi cha michezo ya kuigiza yenye nyimbo hapa Kirumba, na mwaka huu, kikundi kilipotimiza miaka kumi, akaagiza ubao mkubwa wa kuorodhesha maonyesho yetu yote yaliyopita. Utadhani kuna mtu aliyeyaulizia.

Ubao ulianza na "Bwana Sangara". Samaki mwenyewe alikuwa wa maboksi, na kichwa chake kilidondoka katikati ya wimbo wa mapenzi. Ukafuata "Ng'ombe Sitini", mchezo wa mahari, ambamo wanaume wazima kutoka Buhongwa walitambaa chini ya mablanketi wakilia kama ng'ombe, na mmoja akapitiwa na usingizi humohumo. Kisha "Senene wa Mwisho". Huo Mwalimu aliutunga mwenyewe: saa tatu nzima za kuwasifia Wahaya wenzake na panzi wao wa kukaanga mbele ya Wasukuma waliolipa kiingilio. Nusu ya watu waliondoka kabla senene hawajakaangwa.

Chini ya kila onyesho liliandikwa jina la mwimbaji mkuu: Brightness Muganyizi. Binti yake. Brightness ni mzuri wa sura, sikatai, na mwendo anao. Sauti ndiyo Mungu aliyomnyima. Miaka kumi yeye alifungua mdomo mbele, na mimi Kashindye, muuza dagaa wa soko la Mwaloni, nikaimba nyuma ya pazia na kipaza sauti mkononi, jasho likinitiririka. Mjinga mimi, nilikubali kwa sababu napenda kuimba. Lakini jina langu nililitaka pale ubaoni.

Nikamfuata.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kashindye."

"Mbona kwenye ubao sipo?"

Alivua miwani, akaifuta taratibu. "Mama, ubao ni wa walioonekana jukwaani. Wewe nani alikuona?"

"Basi niandike chini, hata kwa herufi ndogo."

"Tutaharibu mpangilio. Jumamosi kwenye maadhimisho usichelewe."

Mpangilio! Mtu aliyewafunika watu mablanketi akawaita ng'ombe, leo ananifundisha mpangilio.

Jumamosi sikuchelewa. Ukumbi ulijaa, mgeni rasmi akaketi mbele, ubao ukasimama kando ya jukwaa. Brightness akatoka kuimba ule wimbo wa mapenzi wa "Bwana Sangara". Kinanda kikaanza. Akanyoosha mkono, akafungua mdomo. Mimi nyuma ya pazia nikafunga wangu.

Akabaki ameachama. Kinanda kikarudia mwanzo, kikarudia tena. Mwalimu akaja mbio nyuma ya pazia, akaninong'oneza, "Imba, mama, nakuomba." Miaka kumi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniomba. Nikamkabidhi kipaza sauti. Watu walicheka, kisha wakaanza kuinuka. Msukuma akichoshwa na ngoma yako haombi ruhusa, anakwenda zake. Mgeni rasmi naye akaondoka.

Jumatatu nilipita ukumbini, nikakuta ubao umeongezwa mstari wa rangi nyekundu, mwandiko wa Mwalimu mwenyewe: "Maadhimisho ya miaka kumi. Yalivunjika kwa sababu ya Kashindye Masele."

Alidhani amenitia aibu. Sasa kila mgeni anayeingia pale huuliza Kashindye ni nani, na alifanya nini hata onyesho zima likavunjika. Na hakuna namna ya kumjibu bila kumweleza ni nani aliyekuwa akiimba.