Sauti ya Chura

Mgeni aliingia bila kupiga hodi, maana fimbo yake ndiyo iliyompigia: iligonga kizingiti, ikagonga mguu wa meza ya fotokopi, ikamalizia kwenye goti la fundi.

Fundi huyo alijiita Daktari wa Kompyuta, na kibao cha mlangoni kilimuunga mkono. Dharau yake ilitosha kuwagawia wateja wote wa ghorofa ile ya tatu na akiba ikabaki. Siku hiyo alikuwa amepiga pasi shati, kwa kuwa saa tisa alimtarajia mwalimu mkuu wa shule kubwa, mwenye kompyuta arobaini za kutengenezwa.

"Mzee, wa macho wako chini, karibu na benki," alisema huku akisugua goti.

"Macho yangu yalishazikwa, hayahitaji daktari. Nimeleta hii."

Mgeni akafunua taulo. Ndani mlikuwa na laptopu nene kama tofali, bawaba yake imefungwa kwa plasta ya kidonda, herufi zote za kibodi zimefutika.

"Hii kompyuta au kikaangio? Dada, njoo uone maiti!"

Dada yake, aliyeendesha mashine ya fotokopi pale mbele, hakuja. Alimjua kaka yake.

Daktari akabonyeza kitufe. Kioo kikabaki cheusi.

"Si nilisema? Imekufa."

"Kilichokufa ni kioo, huu mwaka wa nne. Hata mazishini sikwenda. Sikiliza."

Kutoka ndani ya tofali ikatoka sauti: ya bati likwaruzwalo, ya chura mwenye mafua, tena ya mbio kiasi kwamba Daktari hakushika hata neno moja. Mgeni aliinamisha kichwa akaisikiliza kama mtu apokeaye salamu za nyumbani.

"Inasema programu ya kiwanda cha uchapaji haitafunguka mpaka mfumo uwe mpya. Mimi ni msahihishaji. Nasahihisha vijitabu kwa masikio kabla havijachapwa. Leo nina kijitabu cha dawa ya minyoo ya mbuzi, kurasa arobaini. Kisipofika saa kumi na moja jioni, kazi wanampa mwingine, na wameshaniambia sitaitwa tena. Basi weka huo mfumo mpya. Ila sauti yangu hii inayonisomea usiiguse."

"Sauti hiyo?" Daktari alicheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, mfumo mpya unakuja na sauti ya binti, laini kama siagi!"

"Sitaki binti. Namtaka chura wangu. Huyo ndiye ajuaye Kiswahili."

"Sikiliza, mzee wangu. Utaondoka hapa na sauti inayosoma kila neno la mbuzi wako. Isiposoma, nitakusomea mimi mwenyewe, kwa kinywa hiki, ukurasa kwa ukurasa!"

Mgeni aligeuzia uso upande wa fotokopi. "Binti yangu, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Daktari akachomeka kioo cha pembeni, akahamishia kijitabu na barua za mzee kwenye flashi. Alipofika kwenye folda ya sauti, ya miaka kumi na mbili iliyopita, hakupoteza muda nayo. "Takataka," alisema chinichini, akafuta diski nzima, akaanza kupakia.

Asilimia zilitambaa. Kwenye ishirini na saba mashine ilikaa saa nzima ikihema, na Daktari akaitukana: kobe, gari la maiti, bibi wa kompyuta zote. Mzee alikaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. Saa nane ilipogonga, mfumo mpya ukawa tayari, na programu ya kiwanda ikafunguka bila ubishi.

"Haya, mzee. Msikilize binti."

Binti akaanza. Sauti ilikuwa siagi kweli, lakini ilisoma Kiswahili kama mtalii aliyemeza gundi. Kwenye "minyoo" alijikwaa, kwenye "mbuzi" akaanguka kabisa, na "ng'ombe" akamtaja herufi mojamoja kana kwamba anasoma namba ya gari.

"Huyu binti kwao wapi?" aliuliza mzee.

Daktari akafungua orodha ya lugha, akashuka nayo mpaka chini, akapanda tena. Lugha zilikuwa nyingi, nyingine hata hakujua zinasemwa na nani. Kiswahili hakikuwemo.

"Chura wangu yuko wapi?"

Ilibidi mtu ajibu. "Nimemfuta."

Mzee hakupandisha sauti. "CD yake iko nyumbani, safari ya saa nne kwenda tu. Basi vuta kiti."

"Dada yangu anasoma vizuri sana, atakusomea..."

"Dada yako hakuniahidi kitu."

"Na nina foleni, kaka," alisema dada mtu bila kugeuka. "Kinywa kilichosema ni chako."

Daktari akavuta kiti. Alianza kwa mbwembwe za mtangazaji wa redio, na kwenye ukurasa wa kwanza tu fimbo ikagonga sakafu.

"Rudia. Wewe unasoma unachokijua, mimi nataka kilichoandikwa. Chura hakuwa na akili, ndiyo maana hakuwahi kunidanganya. Soma na mkato. Soma na nukta."

"Hata nukta?"

"Kwani umechoka? Chura hakuchoka."

Wateja wa fotokopi walianza kuchelewa kuondoka makusudi. Daktari alifika ukurasa wa kumi na moja jasho limemlowesha shati la pasi.

"Kinyesi cha mbuzi mwenye minyoo huwa laini mkato chenye kamasi mkato na wakati mwingine..."

"Samahani. Daktari wa Kompyuta ndiye huyu?"

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, pumzi za ngazi zikimsumbua.

Daktari alisimama. "Karibu, mwalimu! Naomba tu muda mfupi..."

"Nina dakika kumi."

Daktari alitazama saa ya ukutani: saa tisa na dakika tano, na kurasa ishirini na tisa zimebaki. Dakika kumi za mwalimu zingezaa saa nzima, hilo alilijua. Ng'ambo ya ukumbi, fundi mwenzake Waya Mfupi, ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi, alikuwa ameshatoa kiti nje na kukipangusa.

"Nenda, mwanangu," alisema mzee. "Neno lako nilishalipima tangu asubuhi. Ni jepesi."

Daktari akamgeukia mgeni wake. "Mwalimu, unisamehe. Nimeahidi."

"Umeahidi kusoma habari za kinyesi?"

"Ndiyo, mwalimu."

Viatu vya mwalimu vikavuka ukumbi. "Karibu, mama, karibu kiti!" ilisikika sauti ya Waya Mfupi, tamu kuliko ya binti wa siagi. Daktari akaketi. "Na wakati mwingine mkato," alisema, "huwa na damu nukta."

Kwenye ukurasa wa thelathini na moja fimbo ikagonga tena.

"Mililita ngapi?"

"Kumi. Kwa kila kilo kumi."

"Ukurasa wa tatu ulisemaje?"

Daktari akarudi nyuma, akatafuta. "Mililita moja."

"Umezisoma zote mbili, ukapita."

"Nimepita."

"Andika hapo: sahihi ni moja. Kwa kumi, zizi zima lingelala lisiamke."

Daktari akafuta sifuri. Akaandika alivyoambiwa.

Saa kumi na moja kasorobo walikuwa wamebakiza ukurasa mmoja. Koo la Daktari lilikuwa limekwaruzika, maneno yakimtoka kama bati juu ya saruji. Dada yake alimletea maji.

"Kaka, sasa unasikika kama chura mwenyewe."

Mzee alicheka, meno yake machache yakaonekana. "Wa mwisho uache. Ni anwani ya wachapaji na namba ya simu, haina kosa, naijua kwa moyo. Mkimbilie mwalimu wako, bado namsikia akiongea pale."

Kweli, alikuwa bado anaongea. Daktari akageuza uso mlangoni, kisha akaurudisha kwenye kioo.

"Nilisema ukurasa kwa ukurasa," akakoroma, na akaanza na sanduku la posta.