Anasaidia Tu

…na chai ilikuwa imeshafika pembeni ya karatasi zake, hata mlango hakuusikia, binti yake ameiweka na kusema, "Baba, sukari nimepunguza, imepanda tena," naye akajibu ehe, kama ajibuvyo siku zote, huku msaidizi wake wa utafiti akimsomea dodoso kwenye simu, wanyooshe lugha kabla ya kurudi vijijini, swali la kumi na nne, Mwalimu, katika siku saba zilizopita mtoto huyu alitumia saa ngapi kuchota maji, kupika, kufua, kwenda sokoni… imepanda tena, mbona yeye aliyeandika kurasa arobaini juu ya bei za vyakula hajui sukari inauzwaje duka la hapo chini, "Umejuaje?" akauliza, na sauti ikatoka jikoni, "Si nanunua mimi! Mwenye duka ananiita mama mwenye nyumba," kisha kicheko, kicheko cha mamaye kile, kinachoanzia puani, na simu ikasema, "Mwalimu, upo? Tuache saa ngapi au tuweke mara ngapi?" acha saa, alisema, maana marehemu mkewe ndiye aliyeling'ang'ania swali hilo, miaka sita walizunguka nyumba kwa nyumba, yeye na majedwali yake, mkewe na daftari, na jioni mkewe akivua viatu alikuwa akicheka, hawa akina baba wote wana jibu moja, anasaidia tu, mtoto ana sugu viganjani, anasaidia tu, usiwasikilize bwana, hesabu mwenyewe… maji alfajiri, saa moja, mara saba, hakutaka kuhesabu ila kichwa kilishazoea, kupika jioni, saa mbili, mara saba, sokoni Jumamosi, tatu, kufua Jumapili, nne, mashati yake yeye, na tangu lini mashati yakajinyoosha yenyewe, miezi minane tangu msiba anamshukuru Mungu kwamba nyumba imesimama, kwamba mtoto amejikaza, hakulia sana… ishirini na nane, na mstari waliuchora wao wenyewe kwenye ishirini na moja, ukiuvuka jedwali linakutoa safu ya wasaidizi na kukuweka safu ya wafanyakazi, ana miaka kumi na moja, na huko jikoni kisu kinagonga ubao, tak, tak, mkono usio na haraka, mkono wa mtu mzima, "Mwalimu, na baba aking'ang'ania kwamba anasaidia tu, niandike nini?" akasema, "Muulize tena, taratibu. Huenda hajui," na msaidizi akaenda swali la kumi na tano, kisu kikaendelea, hakuna kilichobadilika mle ndani, ila yeye hakusikia tena swali lolote.

Asubuhi yake aliamka kabla ya binti, akajaza ndoo zote, akawasha jiko, akaunguza mayai mawili. Mtoto alipotokea na sare yake, mkono umeshaelekea kwenye sufuria, akamwambia, "Kaa, mwanangu." Akakaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, kama mgeni aliyefika mapema.