Kitalu cha Chini

Magugu hayaoti kwa bahati mbaya. Yanaota pale ambapo mkono ulipaswa kupita na haukupita, na wenye mikono ile nawajua kwa majina na kwa magari yao.

Shamba letu liko bondeni, kando ya mto Huon, kisiwani Tasmania, Australia, kwenye ardhi ambako ukoo wangu ulichuma matofaa mpaka serikali ikawalipa watu wang'oe miti yao wenyewe. Nilikuwa mtoto. Nilimwona baba akiichoma miti aliyoipanda babu, na tangu siku hiyo sijamwamini mtu anayeniambia jambo limeamuliwa kwa faida yangu. Ndiyo maana Tamsin, anayelikodi na kulilima shamba hili sasa, alipokuja na wazo lake nililidaka: walaji wamlipe mkulima kabla mbegu haijaingia ardhini, kisha wagawane naye kitakachotoka, kiwe kingi au kichache. Nilizunguka nyumba hadi nyumba nikihubiri kwamba hasara ya mkulima lazima iwe hasara yetu. Watu walipiga makofi.

Makofi hayaumizi mgongo. Kila mwanachama aliahidi kuja kupalilia, na kiangazi kilipofika wakaenda baharini. Tamsin akapalilia nyanya, akapalilia vitunguu, akaishiwa nguvu kabla ya kufika kitalu cha chini, kando ya mfereji, penye karoti nyeupe, zile nene ambazo huachwa ardhini mpaka baridi izitie utamu. Fergus, mwenyekiti wetu, wakili mstaafu, alisema tuache maumbile yafanye kazi yake.

Siku ya kufunga msimu, hapo ndipo walipokuja wote. Desturi yetu ni kwamba kitalu cha mwisho huchimbwa na wanachama wenyewe. Wanachimba, wanakata majani papo hapo na kuyatupa kwenye lundo la mboji, mizizi wanaitia kwenye kreti moja, na Tamsin anaigawa kwenye sanduku la kila mmoja. Soseji zilichomwa, watoto wakagaagaa matopeni, kila mtu akapigwa picha ameshika jembe. Alasiri wakaondoka na masanduku yao. Sanduku la Merle Pybus nililipakia mwenyewe kwenye gari la jirani aliyemleta. Merle ni mjane aliyefunga matofaa na mama yangu kiwandani, na hata siku ile alinitania kwamba ningekuwa nachimba kwa ulimi angepata gunia zima.

Tamsin alikuwa anapindua lundo la mboji aliponiita. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Vern, njoo unuse hiki."

Lilikuwa jani kama la karoti nyeupe, ila kikonyo chake kilikuwa laini, bila unywele hata mmoja, na kina madoadoa ya zambarau. Nikalisaga kwa vidole. Harufu ya mkojo wa panya. Hemloki, gugu lenye sumu ya kuua. Kwetu huku mtoto hufundishwa asiliguse kabla hajafundishwa kusoma, na mzizi wake ni mweupe, mnene, unaofanana na karoti zetu ukishakatwa majani. Tukachakura lundo kwa mikono, tukapata jingine, na jingine. Majani yalikuwa hapa. Mizizi ilikuwa imeenda majumbani kwa watu, na jioni ilikuwa inaingia, saa ya kupika.

Fergus alikuwa bado anakunja meza. Alipoelewa alikaa juu ya kreti, kisha akaanza kuongea polepole, kama yuko mahakamani. Alisema tuwe waangalifu. Huenda ni majani tu, huenda mizizi haikuokotwa. Tukitangaza sumu, mwakani hakuna atakayelipia sanduku, na Tamsin atalikosa shamba. Tuwapigie wachache, kimyakimya, tuwaambie karoti zimeoza.

"Mtu hula karoti iliyooza nusu, Fergus. Anakata pabaya, anapika palipobaki."

"Mzee Vern, mimi namtetea Tamsin hapa."

"Ungemtetea na jembe mwezi wa kwanza."

Tamsin hakutusikiliza hata mmoja wetu. Alichuchumaa, akaegemeza simu kwenye goti. Aliandika kwa wote: msile karoti nyeupe, kuna sumu, nijibuni. Majibu yakaanza kuingia. Mmoja alikuwa ameshazimenya. Mmoja alikuwa amempa sungura wa mwanawe kipande, na sungura amelala ubavu. Kila simu ilipolia Tamsin alifumba macho kabla ya kusoma.

Wote walijibu isipokuwa Merle. Merle hana simu ya mkononi. Ana ile ya ukutani, na iliita mpaka ikakata.

Mimi na Tamsin tulikwenda na gari langu. Sikumbuki tulizungumza nini, nakumbuka tu kwamba moshi wa bomba lake la jiko ulionekana tangu chini ya kilima, nikatamani usiwepo. Mlango haukuwa umefungwa. Supu ya mifupa ya kondoo ilinukia nyumba nzima. Merle alikuwa kwenye kiti chake, macho wazi, bakuli tupu mapajani.

"Simu nimeisikia," alisema. "Miguu imegoma. Nimeiambia inuka, inanitazama."

Tamsin aliita gari la wagonjwa. Nikapiga magoti, nikamshika Merle nyayo, nikamuuliza kama anausikia mkono wangu. Akasema hasikii kitu. Nikapandisha mkono kwenye magoti. Akasema hapo kama kwa mbali. Baada ya kitambo nikauliza tena, na magoti nayo yalikuwa yameondoka.

"Nini hiki, Vern?"

Nikamwambia ukweli. Hakulia. Aliuliza kama watoto wa wale wengine wamekula, nikasema hawajakula. Akajaribu kuinua mkono anishike, mkono ukafika nusu ya njia ukaanguka.

Gari lilipofika maneno yake yalikuwa mazito, kisha hayakuwepo. Walimlaza, na mhudumu, binti mwenye nywele fupi, akamfunika pua na mdomo kwa kifuko cha mpira, akaanza kukiminya kwa mkono. Tamsin alibaki aje nyuma na gari langu na sufuria ya supu, maana hospitali wameitaka waipime. Mimi nikapanda nyuma.

Barabara ya kwenda hospitali ya Hobart ina kona nyingi. Mkono wa binti ulifumba, kifua cha Merle kikapanda, ulifumbua, kikashuka. Nikauliza kwa nini havuti pumzi mwenyewe. Akasema misuli imelala, ila sumu hii haigusi akili, na tukimpumulia mpaka iishe mwilini huenda akarudi. Huenda.

"Kwa hiyo anatusikia?"

"Kila kitu. Ongea naye, mzee. Anaogopa kuliko wewe."

Nimeongea maisha yangu yote, kwenye mageti ya viwanda, kwenye mikutano, mpaka watu wakanikimbia. Mle ndani nilianza na jambo la kwanza lililonijia: kitalu cha chini. Nikamwambia kesho nakishukia, nang'oa kila kitu mpaka mferejini, na nitapita nyumba hadi nyumba kama zamani, atakayesema mgongo unamuuma nitamleta hospitali amtazame yeye. Jicho lake halikupepesa. Mkono ulifumba, ukafumbua. Gari lilipoingia kona binti aliyumba, mkono ukachelewa kidogo tu, na mimi nikasahau nilikuwa nasema nini.

"Endelea," binti akasema.

Nikaendelea.