Aliyeandikwa Hayupo

Uji wa Jeannot ulichujwa mara mbili. Albertine aliupika kwa unga wa mahindi na karanga zilizosagwa, kisha akaupitisha kwenye kitambaa alichokata kutoka shuka la zamani, maana punje moja tu ya karanga ikinasa kwenye nyaya za meno yake haitoki mchana kutwa. Jeannot alichomeka mrija kwenye pengo la jino la kushoto, akavuta. Kikombe kimoja kilimchukua dakika ishirini, na asubuhi ile ya Jumanne alikuwa na kumi tu.

"Maliza, baba Plamedie," mkewe alimwambia. "Utaanguka kule yulu ya camion."

Jeannot alitikisa kichwa. Meno yake ya juu na ya chini yalikuwa yamefungwa pamoja kwa nyaya, siku ya nane sasa. Alichukua ubao mdogo wa shule wa binti yao Plamedie na kipande cha chaki, akavaa shingoni koleo iliyoning'inia kwa kamba ya kiatu. Koleo ile aliamriwa kuivaa na daktari Edith, mpasuaji wa mataya: ukitapika, ukate nyaya mwenyewe, upesi, kabla hujapaliwa ukafa.

Kazi yake ilikuwa kufunga mizigo katika ghala moja la shaba upande wa Ruashi. Mabamba ya shaba hupangwa juu ya lori, ndiyo camion yenyewe, hufungwa kwa minyororo, na kila mnyororo hukazwa kwa mtaimbo wa chuma wenye ndoano. Jumatatu ya wiki iliyopita mtaimbo mmoja, ambao ndoano yake ilikuwa imelika na Jeannot alishalalamika mara mbili, ulichomoka ukampiga chini ya kidevu. Taya lilivunjika pande mbili. Nyaya za daktari Edith ziliushika upande wa kulia. Wa kushoto ulitaka kupasuliwa na kutiwa kibamba cha chuma chenye skrubu, Alhamisi, la sivyo mfupa ungeunga ukiwa umepinda na Jeannot angekunywa uji mpaka kaburini.

Kibamba kilikuwepo. Kitanda kilikuwepo. Iliyokosekana ni karatasi ya kampuni ya kusema kwamba mtu huyu ni wetu, aliumia kazini, tutamlipia. Nayo haikutoka, kwa kuwa katika daftari la kazi, mbele ya jina la Jeannot, Jumatatu ile, liliandikwa neno moja: bagarre. Ati alipigana! Kuandika ajali kungeleta mkaguzi, na mkaguzi angetaka kuiona minyororo.

Saa kumi na mbili na nusu Ruben alikuwa tayari amepanda juu ya rundo la mbao na daftari mkononi. Ruben ndiye pointeur, mtu wa kuandika nani amekuja na nani hakuja. Zamani watu walikuwa wakiwanyoshea mikono wenzao waliolala nyumbani, basi bilo, ofisi ya wakubwa, ikatoa amri: kila mtu ajibu "présent", yaani nipo, kwa kinywa chake mwenyewe.

"Numbi Jeannot!"

"Mmezaa," Jeannot alisema kati ya meno, mkono juu.

"Sikusikia."

"Mmezaa!"

Wawili watatu walicheka. Jeannot alihisi uso ukimwaka mpaka masikioni.

"Minasikia mbuzi tu," Ruben alisema. "Jibu kama muntu."

"Chef, iko pale mbele yako!" Fils, aliyefunga mizigo pamoja na Jeannot mwaka wa nne huu, alipaza sauti. "Haumuone?"

"Kuona haiko kujibu. Règlement ni règlement, sheria ni sheria." Ruben alielekeza kalamu kwenye kifua cha Jeannot. "Uko na pince mu shingo. Kata ile bintu, ujibu, nakuandika."

Jeannot hakuigusa koleo. Ruben akaandika: absent.

"Jana moya, leo mbili. Kesho ikikuwa tatu, contrat imekwisha. Sasa enda ufunge camion ya Sakania, banaingojea."

Ndiyo hivyo: hayupo, lakini aende kazini.

Akaenda, angefanyaje? Alipanda juu ya lori. Mtaimbo ulikuwa ule ule, ndoano yake sasa imezungushiwa waya kama jeraha lililofungwa kitambaa. Aliogopa. Kila mnyororo aliugeuzia uso pembeni, akafumba macho, akavuta. Minyororo minane. Alipomaliza ilikuwa saa mbili na nusu na damu kidogo ilikuwa imemjia kwenye ulimi.

Dereva Mwelwa alishawasha injini. Alitaka kufika Sakania kabla watu wa forodha hawajafunga. Ruben alikuja mbio na karatasi ya kutokea getini. Karatasi hiyo husainiwa na aliyefunga mzigo, yeye na si mwingine, kwa sababu shaba ikimwagika barabarani polisi hulitafuta jina lile.

"Tia signature hapa," Ruben alisema.

Jeannot aliitazama kalamu. Akatoa ubao, akaandika kwa herufi kubwa: SIKO.

"Hauko nini?"

Alifuta kwa mkono wa shati, akaandika tena: ABSENT. SIKO HAPA.

Mwelwa alitoa kichwa dirishani, akasoma, akapiga usukani. "Chef! Kama haiko, nani alifunga bintu byangu? Miye sitoki na shaba yenye ilifungwa na muzimu!"

"Nyamaza, we!" Ruben aligeuka. "Fils! Kuya utie signature."

Fils alijipangusa mikono kwenye suruali polepole. "Hapana, chef. Ile minyororo sikugusa. Ikianguka mu barabara, miye ndio banatafuta."

Wengine wawili walikumbuka ghafla kwamba wana kiu, wakaelekea kwenye bomba ambalo halijatoa maji tangu Pasaka.

Simu ya Ruben ililia, ni mkubwa wa bilo. "Oui, patron… Inatoka, patron. Dakika mbili." Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akafungua daftari, akakata neno absent, akaandika présent. "Haya. Unaona? Uko. Tia signature."

Jeannot alilichukua daftari mikononi mwake. Alirudisha kurasa mpaka Jumatatu ile, akaweka kidole kwenye bagarre, akakiacha hapo.

Ruben alishusha sauti. "Ndugu yangu, ile haikutoka mu kichwa yangu. Balinituma niandike vile. Miye pia niko na batoto."

Jeannot alimwamini. Hasira haikupungua hata kidogo. Alikitazama kinywa cha Ruben, kizima, meno yote mahali pake, kinywa cha mtu aliyeiona ajali kwa macho yake mwenyewe na akanyamaza. Akaandika ubaoni: ANDIKA.

Injini ilinguruma. Simu ikalia tena. Ruben akakata neno lile, akaandika juu yake: ajali ya kazi, mtaimbo, saa moja na dakika kumi. Akasaini. Jeannot alielekeza kidole kwenye mfuko wa Ruben wenye muhuri wa kampuni. Ruben akapiga muhuri.

Jeannot alitoa simu, akapiga picha ukurasa, akaituma kwa Albertine na kwa daktari Edith. Mtandao ulikuwa mzito. Mwelwa alipiga honi mara tatu, lakini Jeannot alisubiri mpaka picha zote mbili zikaenda. Ndipo akaandika jina lake kwenye karatasi ya geti, jina zima, Numbi Jeannot, herufi kwa herufi. Lori likatoka.

"Unazani umeshinda?" Ruben alisema, akilibana daftari kwapani. "Kesho usipojibu muzuri, ni absent tena. Na utaona kama batakuacha hapa, na ile picha yako."

Jeannot aliyajua hayo. Huenda wiki ijayo angekuwa nje ya geti akitafuta kazi, taya lake likiwa limenyooka. Alifuta ubao, akaandika mpaka chaki ikakatika, akamwinulia Ruben usoni:

KESHO NIKO. ALHAMISI SIKO, NIKO MU OPÉRATION. ANDIKA.

Ruben alianza kwenda bilo. Jeannot akamfuata na ubao wake.