Zamu ya Mto

Mashine ilipogoma tena asubuhi ile, Tiyamike alijua kwamba kosa si lake, na hapo ndipo alipoanza kuogopa.

Kosa la mwandishi wa programu hukaa mahali pamoja. Ukirudi unalikuta palepale, kwenye mstari uleule. Hili lilikuwa linahamahama. Kwanza ujenzi wa programu, ule wa kugeuza maandishi yake kuwa lugha ya mashine, ulikufa ukiwa kwenye faili la kipimo cha maji. Aliporudia, ukalipita faili hilo salama salimini ukaenda kufia kwenye faili la saa. Safari hii Linux nzima, mfumo unaoiendesha kompyuta, iliganda, hata kishale kikakataa kusogea.

"Rudia," alisema Bambo Chimombo, mkuu wa ofisi yao ndogo pale Limbe, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake ya chipsi. "Hiyo mashine ni bibi kizee. Ukiibembeleza inapita."

"Nimeibembeleza tangu nifike, bosi."

"Basi endelea. Wiki iliyopita si ilipita?"

Ni kweli, ilipita. Iligoma, wakarudia, ikagoma, wakarudia, mwisho ikapita, wakapiga makofi. Ndio uliokuwa utaratibu wa ofisi ile, na hakuna aliyeuona kuwa na ubaya. Mashine ilikuwa kuukuu, imenunuliwa kwenye mnada wa ghala la tumbaku, lakini ndiyo pekee iliyobaki na zana za zamani za kutengenezea programu za visanduku vyao vya king'ora. Programu iliyopita siku ile ilipakiwa kwenye kisanduku cha kwanza, nacho kikafungwa kwenye mlingoti kando ya mto Nachipiri, kule bondeni, kijiji cha Nampota. Maji yakifika mita nne, king'ora kilie, watu wakimbilie kilimani.

Nampota ndiko alikozaliwa Tiyamike. Mama yake, ambaye miguu ilishamkatalia, alikuwa huko, akitunzwa na Lameki, kitinda mimba wa nyumba yao.

Nje mvua ilikuwa inanyesha tangu jana, mvua ya milimani isiyo na papara. Maji yote yale yalikuwa na njia moja tu ya kushukia, nayo ni Nachipiri.

Tiyamike aliifungua mashine, akapuliza vumbi, akaielekezea feni ya mezani, akidhani labda ni joto. Ikagoma. Akaanzisha kipimo cha memori. Kioo kikawa cheusi, namba zikaanza kupanda taratibu, na kwa muda mrefu hapakuwa na la ajabu. Kisha ukatokea mstari mwekundu. Ukafuata mwingine, na mwingine, mpaka nusu ya kioo ikawa nyekundu.

"Bosi, njoo uone."

"Mungu wangu, inatoka damu?"

"Kijiti kimoja cha memori ni kibovu. Unakipa namba kikutunzie, saa nyingine kinakurudishia namba nyingine kabisa."

"Kumbe ni kijiti tu! Wewe ulivyonuna nikajua tumefiwa. Chomoa, tutanunua kingine."

Alikichomoa. Akajenga programu upya, ikapita mara moja. Akajenga tena, ikapita, na zao la pili likalingana na la kwanza bila tofauti hata chembe. Chimombo akacheka, akasema bibi amepona. Tiyamike hakucheka.

Alikuwa anaifikiria programu ya wiki iliyopita. Kijiti kibovu kikiharibu kitu kikubwa, mashine inagoma, na hiyo ni heri, kwa sababu unajua. Kikiharibu kitu kidogo, mashine haisemi neno. Ujenzi unapita, watu wanapiga makofi, na kosa linaondoka nao likiwa limejificha ndani ya programu.

Akaitafuta nakala ya programu ile, ile iliyopelekwa Nampota. Maandishi hayakuwa yamebadilika hata herufi, kwa hiyo ilipaswa kulingana na hizi mbili za leo. Akazilinganisha. Kulikuwa na tofauti, mahali pamoja tu.

Akatazama mahali penyewe ni pa nini. Palikuwa pa ile namba ya kuamsha king'ora. Yeye aliandika sentimita mia nne. Iliyopelekwa ilisema elfu moja mia nne ishirini na nne. Mlingoti wenyewe ulikuwa na urefu wa mita sita.

"Lakini si tulikijaribu?" Chimombo alisema, chipsi mkononi. "Kililia, watu wakacheza!"

"Tulibonyeza kitufe, bosi. Kitufe kinaliza king'ora tu. Kwa maji hatukujaribu."

Alikuwa ameshapiga simu. Iliita, ikaita.

"Dada! Leo umetukumbuka maskini?" Sauti ya Lameki ilikuwa imejaa chakula.

"Lameki, mko wapi?"

"Nyumbani, tunakula nsima. Mama anasema dagaa wa usipa wameungua, lakini naona anawamaliza peke yake."

"Mvua?"

"Mvua gani? Jua linawaka, kuku wote wamejificha chini ya ghala."

Bondeni ndivyo ilivyo. Mafuriko yanaweza kukufikia ukiwa umeanika nguo.

"Nani yuko zamu ya mto?"

Lameki akacheka. "Zamu? Dada, si wewe mwenyewe ulituambia tulale, sanduku litakesha? Hata ule mti wa alama tulishaung'oa, tukapikia."

Tiyamike alisema hivyo kweli, mbele ya mkutano mzima wa kijiji. Tangu enzi za babu zao, kila masika nyumba moja ilishika zamu, ikachomeka mti ukingoni na kuutazama usiku na mchana. Yeye akawaambia wapumzike. Mama yake alilia kwa furaha siku ile.

"Mbebe mama," alisema. "Weka chakula chini, mbebe mama, mwende kilimani."

"Dada, kungekuwa na kitu si king'ora kingelia?"

"Hakitalia, Lameki. Kina kosa. Hakitalia hata maji yaingie ndani. Mbebe mama!"

Kicheko kikakatika. Alisikia kigoda kikianguka, mama akiuliza ni nani aliyepiga, kisha miguu ikikimbia. Ghafla ile miguu ikabadilika mlio. Ilikuwa inakanyaga maji.

"Dada," Lameki alisema kwa sauti ya kitoto. "Yako kwenye mahindi. Yanakuja."

Sufuria ikaanza kupigwa. Lameki aliwaita majirani kwa majina, mlango hadi mlango, akitweta, na sauti za watoto zikaitikia kutoka huku na kule. Tiyamike aliibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Nyuma ya makelele yote alikuwa anasikilizia king'ora, ingawa alijua.

Kisha akasikia pumzi karibu kabisa. Mama alikuwa amepewa simu, akiwa sasa mgongoni kwa Lameki.

"Tiyamike, mwanangu," mama aliuliza, "mbona sanduku lako halilii?"

"Shika shingo ya Lameki, mama," alisema. "Usiiachie."